Jasusi Namba 326: filme ya Kijerumani ya 1928 na wapelelezi wa kweli wa Ziwa Tanganyika

Mtu wa Mulongwe, Kasenga ao Kalundu aliyewahi kukaa kwenye benchi la chumba cha video anayajua mambo haya hata kabla filme haijafika nusu. Mpelelezi wa serikali haitwi kwa jina lake, anaitwa kwa namba. Adui wake ni tajiri mwenye heshima mjini, lakini chini ya ofisi yake kuna watu wengine na mashini zingine. Kuna mwanamke mzuri aliyetumwa kumdanganya mpelelezi, halafu anampenda kweli. Kuna makaratasi ya siri yaliyoibiwa. Na mbele kidogo, lazima treni ipate ajali.

Wengi wanafikiri hayo yote yalianza na James Bond. Sivyo. Yalikuwa yamekwisha kukusanywa mahali pamoja tangu mwaka wa 1928, katika filme moja ya Kijerumani isiyokuwa na sauti. Jina lake ni Spione, maana yake Wapelelezi. Ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Berlin tarehe 22 mwezi wa tatu mwaka huo. Mwenye kuiongoza alikuwa Fritz Lang, mtu wa Vienna, aliyepigana na kujeruhiwa katika Vita Kuu ya kwanza upande wa jeshi la Austria. Hadithi iliandikwa na mke wake, Thea von Harbou.

Lang alikuwa anahitaji filme ya kumwokoa. Mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa Metropolis, kazi kubwa iliyokula pesa nyingi mpaka kampuni ya UFA ikakaribia kuanguka. Kwa hiyo safari hii alitumia pesa kidogo, majumba machache, na habari zilizokuwa midomoni mwa watu. Mwezi wa tano 1927 polisi wa London walikuwa wamevamia ofisi za kampuni ya biashara ya Warusi iliyoitwa Arcos, wakitafuta makaratasi ya ujasusi, na Uingereza ikavunja uhusiano na Moscow. Katika magazeti ya Ulaya kila mfanyabiashara mgeni alianza kutazamwa kwa jicho la pembeni. Lang na mke wake walichukua hofu hiyo, wakaitilia chumvi, wakaijengea hadithi.

Hadithi yenyewe iko hivi. Makaratasi ya serikali yanaibiwa, waziri anapigwa risasi ndani ya gari, na magazeti yanawacheka wakubwa wa usalama. Mkuu wa wapelelezi, Jason, anamwita kijana mmoja anayejulikana kwa namba 326 tu. Anafika ofisini mchafu kama mtu wa barabarani, amejigeuza. Humohumo ofisini kuna mtu wa adui aliyeficha kamera ndogo kwenye koti, na picha ya 326 inachukuliwa kabla hajaanza kazi. Adui ni Haghi. Mbele ya watu huyu ni mkurugenzi wa banki, mlemavu anayesukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Nyuma ya banki anaongoza kundi la wapelelezi wanaoiba siri za kila nchi. Tena haitumikii nchi yoyote. Siri kwake ni bidhaa, kama vile mwingine anavyouza chumvi ao sabuni.

Haghi anamtuma Sonja, mwanamke wa Kirusi, amnase 326. Sonja si mtu mbaya. Baba yake na kaka yake waliuawa na polisi wa siri wa mfalme wa Urusi, na Haghi ameutumia uchungu huo kumfunga kamba shingoni. Wanapokutana wanapendana, na hesabu yote ya Haghi inaharibika. Pembeni kuna Matsumoto, Mjapani anayelinda mkataba wa siri. Anatuma wajumbe watatu wenye bahasha zisizo na kitu cha maana, ili adui ahangaike nao, na mkataba wenyewe anabaki nao. Wajumbe watatu wanakufa. Halafu msichana mmoja aliyelowa mvua, aliyemhurumia na kumwingiza nyumbani, anauiba mkataba. Matsumoto anajiua. Sehemu hii inashika moyo kuliko bastola zote za filme, maana mtu huyu mwenye akili nyingi ameshindwa kwa sababu ya huruma yake.

Behewa la treni alimolala 326 linafunguliwa na kuachwa ndani ya handaki gizani, na treni nyingine inakuja. Namba ya behewa ni 33 133, na Lang anairudisha namba hiyo mbele ya macho ya Sonja mpaka anaelewa kwamba mpenzi wake amepelekwa kufa. Hakuna sauti hata moja, lakini mtazamaji anaisikia treni.

Kutoka hapo njia ya kufika kwetu ni ndefu lakini inaonekana. Mwingereza Alfred Hitchcock alikuwa amefanya kazi kwenye studio za Ujerumani katikati ya miaka ya 1920, na filme zake za ujasusi za miaka ya 1930, za mtu anayekimbizwa na pande zote mbili na za siri zinazosafiri kwa treni, ziko karibu sana na Spione. Mwaka wa 1953 Ian Fleming akatoa kitabu cha kwanza cha James Bond, na mwaka wa 1962 filme ya kwanza ikafuata. Mpelelezi mwenye namba, tajiri mwenye makao ya siri, mwanamke wa upande wa adui anayegeuka: Bond alivikuta mezani.

Halafu Bond akaingia katika Kiswahili. Mtanzania Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona mwaka wa 1974, na shujaa wake Willy Gamba akawa jina la nyumbani. Ndani ya kitabu hicho makaratasi ya siri ya wapigania uhuru yanaibiwa Dar es Salaam na Willy anatumwa kuyafuata Nairobi. Yaani ni mlango uleule aliofungua Lang: kwanza makaratasi yapotee. Katika Kikosi cha Kisasi, kilichotoka miaka michache baadaye, Willy Gamba anatua Kinshasa, katika Zaire ya Mobutu, na wasomaji wa Kongo wakajikuta ndani ya hadithi. Ng'ambo ya ziwa letu, mkoa wa Kigoma ulimzaa Ben Mtobwa, aliyemtunga Joram Kiango, shujaa mwingine wa namna hiyo aliyetafutwa sana na vijana.

Lakini Musiba alibadilisha kitu kikubwa. Haghi wa Lang hana nchi, na 326 anaitumikia serikali ambayo filme haitaji hata jina lake. Willy Gamba anajua anapigania nani: Afrika ambayo bado kusini kwake kuna makaburu na wakoloni wa Kireno. Ndiyo maana vitabu vyake vilisomwa na watu ambao hawakujali Berlin wala London.

Hapa inafaa kutaja jambo moja linaloigusa Kongo moja kwa moja. Lang aliondoka Ujerumani baada ya Hitler kushika utawala mwaka wa 1933. Mke wake alibaki na kuingia chama cha Wanazi, na ndoa ikawa imekwisha. Huko Marekani Lang alitengeneza filme za ujasusi dhidi ya Wanazi, na mwaka wa 1946 akatoa Cloak and Dagger, ya mwanasayansi anayetumwa na idara ya siri ya Marekani, OSS, kuchunguza kama Wajerumani wanatengeneza bomu la atomu. Wakati wa vita yenyewe OSS ilikuwa kweli na watu wake Léopoldville, Kinshasa ya leo, wakichunguza isije uranium ya Shinkolobwe, kule Katanga, ikavushwa kwa magendo hadi kwa Hitler. Uranium hiyo ndiyo iliyotumiwa zaidi katika bomu la Hiroshima. Filme haikuonyesha Shinkolobwe. Wachimbaji wake hawakuonekana popote.

Sasa turudi ziwani, maana Ziwa Tanganyika limepata wapelelezi wa kweli, na mmoja wao alikuwa Mjerumani.

Mwaka wa 1915 Wajerumani ndio waliotawala maji haya. Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, ilikuwa yao, Kigoma pia. Upande wa Uvira na wa Lukuga, ambako leo ni Kalemie, walikuwako Wabelgiji, na meli yao Alexandre Delcommune ilikuwa imepigwa mizinga tangu mwezi wa nane 1914. Mwezi wa pili 1915 Wajerumani walishusha majini meli kubwa Graf von Götzen, iliyotoka Papenburg ikiwa vipandevipande ndani ya masanduku. Waingereza walijibu kwa namna ambayo hata mwandishi wa filme angeona haya kuiandika. Walileta mashua mbili ndogo za mota kutoka London mpaka Cape Town kwa meli, wakazipandisha treni hadi Katanga, wakazikokota msituni na juu ya milima ya Mitumba, safu hiihii inayosimama nyuma ya Uvira, halafu tena treni na mto hadi Lukuga. Mashua hizo ziliitwa Mimi na Toutou, majina ya Kifaransa ya mchezo, kama mtoto anavyomwita paka na mbwa.

Wajerumani walihisi kuna kitu kinajengwa Lukuga, lakini hawakujua ni nini. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili 1915, ofisa wa majini Job Rosenthal alikaribia usiku na meli yake, Hedwig von Wissmann, akaingia majini na kuogelea hadi pwani. Alifaulu kuona. Aliona njia ya kushushia mashua majini ikitengenezwa. Shida ilikuwa kurudi: gizani hakuiona tena meli yake, kukakucha, na Wabelgiji wakamkamata.

Akiwa mfungwa aliruhusiwa kuwaandikia wenzake barua ya kawaida, ya kuomba vitu vyake. Ndani ya barua hiyo aliandika ujumbe wa pili kwa mkojo, wino usioonekana mpaka karatasi ipashwe moto. Ujumbe ulifika Kigoma. Kamanda wake, Gustav Zimmer, alipokea barua, akasoma maneno ya juu, na hakuna aliyefikiria kuipasha moto. Ilipita miezi kabla ya siri kugunduliwa. Kufikia hapo mashua ya Kijerumani Kingani ilikuwa imekwisha kutekwa, tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili, na Hedwig yenyewe ikazamishwa tarehe 9 mwezi wa pili 1916.

Hiyo ni tofauti kubwa kati ya Spione na ziwa. Katika filme Haghi anapata kila habari dakika ileile, kwa simu, kwa taa, kwa wajumbe wanaokimbia. Huku kwetu mpelelezi alifanya kazi yote vizuri, akahatarisha roho, akatumia akili, na habari ikakaa ndani ya bahasha kwa sababu msomaji hakuwa makini. Watu waliofanya kazi hiyo kweli wanasema mara nyingi mambo yanakwenda hivyo.

Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe karibu na Kigoma mwezi wa saba 1916, wakiipaka mashini grisi ili siku moja ifanye kazi tena. Waingereza waliiinua mwaka wa 1924, na tangu 1927 imeitwa Liemba, jina ambalo wazee wengi wa Kalundu wanalijua vizuri kuliko historia yake. Mwandishi C. S. Forester alichukua habari za vita hiyo akatunga The African Queen mwaka wa 1935, na mwaka wa 1951 Wamarekani wakaja kuifanyia filme. Waliipiga mto Ruiki, karibu na Ubundu ya leo, na Uganda. Ziwa lenyewe hawakulifikia.

Miaka hamsini baada ya Rosenthal, namba za wapelelezi zilifika ziwani kweli, tena kwa Kiswahili. Tarehe 24 mwezi wa nne 1965, kundi la Wakuba lilivuka kutoka Kigoma usiku hadi Kibamba, katika eneo la Fizi, kusini ya Baraka. Uvira ilikuwa imeshikwa na Wasimba wa Gaston Soumialot mwaka uliotangulia, halafu jeshi la serikali na mamluki wakairudisha, na vita ikabaki katika milima na pwani ya kusini. Wakuba hao hawakutumia majina yao. Walichukua kamusi ya Kiswahili na kujihesabu. Víctor Dreke, mkuu mbele ya watu, akawa Moja. José María Martínez Tamayo akawa Mbili. Wa tatu alitambulishwa kama daktari anayejua Kifaransa, jina lake Tatu.

Tatu alikuwa Ernesto Che Guevara. Alikuwa amesafiri bila ndevu zake, amevaa miwani, na pasipoti ya jina la Ramón. Siku za kwanza hata wakubwa wa upinzani waliompokea hawakujua ni nani. Alipomfunulia mmoja wao, huyo alishtuka badala ya kufurahi, akaogopa kelele ya kimataifa. Sio jambo la kuchekesha: mtu mashuhuri namna ile, akikamatwa ao akiuawa, vita ya kijiji ingegeuka vita ya dunia.

Na upande wa pili hawakulala. Idara ya siri ya Marekani, CIA, iliweka mashua za kasi Kalemie kufanya doria ziwani, na ndani yake walikuwa Wakuba pia, wale waliomkimbia Fidel Castro. Ndege za serikali nazo ziliendeshwa na marubani wa Kikuba wa kundi hilohilo. Kwa hiyo kwenye maji haya, kati ya Kigoma na Fizi, Mkuba alimwinda Mkuba kwa Kihispania, huku wavuvi wa dagaa wakizima taa zao. Tatu aliondoka tarehe 21 mwezi wa kumi na moja 1965, ameshindwa, na mwenyewe aliandika wazi kwamba ilikuwa historia ya kushindwa. Baadhi ya wenzake walibaki na majina ya huku: Pombo na Tuma, kifupi cha Tumaini, walikwenda nayo hadi vita ya Bolivia.

Wavuvi wale ndio wanaokosekana katika filme zote. Kila upande ulitaka wawe macho yake, na kila upande uliwaadhibu ulipowaona wamezungumza na upande mwingine. Mvuvi anayeuza samaki Kibamba asubuhi na Kigoma jioni ni mpelelezi wa nani? Jibu lake la kweli lilikuwa kwamba anatafuta unga wa watoto, na mara nyingi halikumtosha mwenye bunduki.

Hapo ndipo filme ya 1928 inapoacha kuwa mchezo kwa watu wa Kivu. Neno mpelelezi, ao espion kama wengi wanavyosema, haliko neno la sinema tu huku. Katika miaka ya vita limetupwa kwa mwanafunzi mwenye simu mbili, kwa mwanamke muuza nguo anayepita mpaka wa Kavimvira kila juma, kwa msafiri ambaye matamshi yake hayafanani na ya mtaa. Mwezi wa tatu 2024 serikali ya Kinshasa iliondoa kizuizi kilichokuwapo tangu 2003 cha kutekeleza hukumu ya kifo, ikitaja hasa uhaini. Mahakama walau inadai ushahidi na wakili. Kundi la vijana barabarani halidai kitu.

Wanaodhani Spione inafundisha kumshuku mgeni hawakuitazama mpaka mwisho. Sonja, mgeni kutoka Urusi, ambaye kila polisi angemkamata wa kwanza, ndiye anayewaokoa wenzake. Jellusic, kanali mwenye nishani kifuani, anauza siri za nchi yake kwa noti. Na idara ya Jason ilikuwa na mtu wake mwaminifu, namba 719, anayefanya kazi ya uchekeshaji jukwaani kwa jina la Nemo. Wote walimwamini. Huyo Nemo ndiye Haghi. Kiti cha magurudumu kilikuwa uongo, ulemavu uongo, na taarifa alizokuwa akiwaletea wapelelezi wa serikali alikuwa anazipika mwenyewe. Walipokuwa wakitafuta adui nje, alikuwa anakaa nao mezani.

Mwisho anakamatwa akiwa jukwaani. Anaona askari pande zote, anatoa bastola, anajipiga risasi kichwani na kuamuru pazia lishushwe. Watu ukumbini wanapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya mchezo.

Filme ilitengenezwa upya mwaka wa 2004 na wakfu wa Murnau wa Ujerumani, kutokana na nakala zilizobaki, na sasa inapita saa mbili. Maneno yake ni maandishi yanayotokea katikati ya picha, kwa Kijerumani, ao kwa Kiingereza na Kifaransa katika nakala zingine. Kwa chumba cha video cha Uvira hilo si shida. Filme isiyo na sauti inamwachia mtafsiri nafasi yote, namna Lufufu alivyowazoeza watu wa Dar es Salaam, na anayeshika mikrofoni atapaswa tu kujiandaa kwa sehemu ya Matsumoto, ambapo kwa dakika kadhaa hakuna kitu cha kusema.